Mgeni katika Damu ya Khamla

Ilikuwa mwaka 1984, mwanzoni mwa Septemba, majira ya mvua. Mpunga ulikuwa umekwisha kupandikizwa, na Mfungo wa Mvua, ambamo Wabudha huweka viapo vya kujizuia, ulikuwa umevuka nusu ya miezi yake mitatu. Asubuhi ya tarehe tisa, Luteni Thawin wa kituo cha polisi cha wilaya aliegesha pikipiki yake iliyotapakaa matope kwenye mlango wa kijiji cha Ban Kut Sim, mkoani Kalasin. Alikuwa na siku moja tu ya kufanya kazi yake. Kesho yake ilikuwa siku takatifu ya mwezi mpevu, na wanakijiji walikuwa wamekula kiapo kwamba jua la siku hiyo halitamkuta Bibi Pheng akiishi miongoni mwao.

Barua ya mkuu wa kijiji ilikuwa mfukoni mwake. Ilieleza kwamba mkulima Sawat alikuwa amefariki tarehe ishirini na sita Agosti kwa maumivu ya kichwa yasiyo na jina. Kwamba rafiki yake Khamla alikuwa hospitali ya wilaya kwa maradhi yaleyale. Na kwamba wote wawili walikuwa wamekunywa dawa ya mizizi kutoka mikononi mwa Bibi Pheng. Barua ilitaja sumu. Haikutaja neno ambalo kila mtu kijijini alilitaja: kwamba Bibi Pheng alikuwa na pepo mla maini.

Thawin hakuhitaji kuambiwa. Uzi mweupe uliobarikiwa, wa kuzuia pepo, ulikuwa umezungushwa kutoka nyumba hadi nyumba, ukapita juu ya maghala na mabanda ya nyati, ukaifunga Ban Kut Sim yote kama kifurushi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na hapakuwa na mtoto hata mmoja njiani. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Mwishoni kabisa mwa kijiji, penye mianzi, palikuwa na nyumba moja juu ya nguzo zake ambayo uzi ule uliifikia, ukageuka, ukarudi.

Mkuu wa kijiji, Mzee Thongdam, alimpokea ngazini.

"Afande umekuja kumkamata, au umekuja kutuzuia?"

"Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza tumeuliza mpaka ndimi zimekauka. Mganga anafika kesho alfajiri na chungu chake. Pepo ataingia chunguni, Bibi atakwenda zake, nasi tutalala."

"Aende wapi, mzee?"

Mzee Thongdam alitazama mvua. "Dunia ni pana," alisema.

Kabla Thawin hajakaa, kijana wa miaka kama thelathini alipanda ngazi akiwa amejifunga kitambaa cha mraba kichwani, mkononi ameshika chupa ya plastiki. Huyo ndiye Bunloet, shemeji wa marehemu, kaka wa mjane Nuan.

"Hii hapa, afande. Dawa ya kuulia magugu. Nimeikuta chini ya nyumba yake, nyuma ya mtungi."

Thawin aliipokea kwa leso, akaisoma, akaiweka chini. "Lini?"

"Jana."

"Ulikuwa ukitafuta nini chini ya nyumba ya mla maini, wewe unayemwogopa?"

"Ushahidi."

"Wewe jasiri." Thawin alifungua daftari. "Bunloet."

Bunloet aligeuka kumtazama. Hakugeuza shingo, aligeuza kiwiliwili kizima, mabega na kifua pamoja, kama nyati aliyefungwa nira. Thawin aliandika jina lake na, chini yake, mstari mmoja mfupi.

Alianza na mjane. Nuan alikuwa ameketi sebuleni kwake, nywele hazijachanwa, mbele yake sahani ya wali wa kunata iliyokauka. Mumewe hakuchomwa kama wafu wengine. Alizikwa, kwa kuwa aliyekufa vibaya hachomwi mapema, na mjane alikuwa akiangalia upande wa msitu wa makaburi kila alipojibu.

"Mama Nuan, kichwa kilianza kumuuma lini?"

"Baada ya dawa ya Bibi."

"Sikuulizi baada ya nini. Nakuuliza siku gani. Mlikuwa mnafanya nini shambani?"

Alifikiri. "Tulikuwa tunamalizia shamba la chini. Alikaa kwenye tuta akasema, leo jua linanipiga kichwani kama nyundo. Nikamwambia, jua liko wapi na mvua hii."

"Shamba la chini mlilimaliza lini?"

"Tarehe kumi na nane. Tulirudisha nyati wa kuazima siku hiyohiyo."

"Na Bibi Pheng ulimwita lini?"

"Siku ya…" Alinyamaza. Alihesabu kwa vidole, akarudia. "Siku ya tano. Tarehe ishirini na tatu."

"Kwa hiyo maumivu yalitangulia na dawa ikafuata."

Nuan alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango wa nyumba yake uko upande mwingine. "Lakini kila mtu anasema…"

"Najua wanachosema. Kinywa chake kilikuwaje? Kiliungua? Kilitoka vidonda?"

"Hapana. Alikula mpaka siku ya mwisho. Ngozi ndiyo iliyomtesa. Hata shuka likimgusa alilia. Hata upepo."

Thawin alipiga mstari juu ya maneno *dawa ya magugu*. Alikwisha kuona watu watatu walioinywa dawa ile. Hakuna aliyebaki na ulimi wa kumezea wali.

"Alisema neno lolote kabla ya kukata kauli?"

Mjane alivuta magoti yake kifuani. "Alikuwa akitazama dari. Akasema wanatambaa. Nikamwuliza, nani, baba? Akasema, warudishie nyumba zao. Alirudia usiku kucha: warudishie nyumba zao, wanatembea uchi." Akashusha sauti. "Afande, nami sasa nawasikia. Juu ya dari. Wanakwenda polepole."

Thawin aliinua macho. Dari ilikuwa ya bati, na mvua ilikuwa imekatika. Aliandika maneno yale kama yalivyosemwa, akafunga daftari.

*

Nyumba ya Bibi Pheng haikuwa na jirani aliyefungua dirisha. Moja ya nguzo zake ilikuwa imepigwa shoka mara mbili, ubao mbichi wa ndani ukionekana, kama salamu ya kesho. Mwenye nyumba alikuwa ukumbini akisuka mkeka.

"Vua viatu, afande. Hata kama mimi ni pepo, sakafu nimeipiga deki."

Thawin alivua viatu, akaketi, akamsalimu kwa viganja vilivyounganishwa, maana bibi huyo alikuwa na umri wa mama yake mzazi.

"Bibi, wanasema unakula maini ya watu."

"Meno yamebaki manne. Nitaanzia wapi?"

"Dawa uliyompa Sawat bado unayo?"

Alimwonyesha mizizi, akaikata, akaichemsha, akamimina vikombe viwili, akanywa cha kwanza bila kuambiwa. Cha pili Thawin alikitia kwenye chupa, akaiandika tarehe. Kazi ni kazi.

"Niliitwa, nikaenda," alisema bibi. "Nilimkuta mtu hawezi kuinamisha shingo. Nikampa ya kupoza homa, na homa yenyewe ilikuwa kidogo tu. Haikumfaa. Hilo nalikiri. Lakini kutofaa si kuua."

"Kabla ya kuugua kwao, kuna jambo uliloliona?"

Mikono ya bibi iliacha kusuka.

"Siku ile ya mvua kubwa ya mchana, mwanzoni mwa Agosti, niliona watu watatu wakitoka nyuma ya hekalu na kapu la samaki. Walikuwa wamelifunika kwa majani ya maboga."

"Watatu? Mzee Thongdam amenitajia Sawat na Khamla tu."

"Mzee Thongdam hakuwapo."

"Wa tatu ni nani?"

"Mmoja yuko kaburini, mmoja yuko hospitali. Wa tatu ana kinywa chake."

"Bibi, kesho watakutoa."

"Kosa la mtu ndani ya Mfungo hulisema mwenyewe, mwanangu. Akisemewa, linabaki shingoni mwake hadi uzee. Mimi nimewapokea duniani watoto wote wa kijiji hiki. Sitakuwa mtu wa kuwafunga jiwe." Akarudi kwenye mkeka wake. "Wakinitoa, watanitoa pamoja na ulimi wangu."

"Yeye alijua kwamba umemwona?"

"Alinisalimu," alisema Bibi Pheng.

*

Maabara ya hospitali ya wilaya ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirisha hilo lilikuwa mali ya Orathai. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini, mtaalamu pekee wa damu katika wilaya nzima, na hakuwa na desturi ya kusimama polisi wanapoingia.

"Kaka Thawin. Umeniletea mtu au umeniletea chupa?"

"Chupa. Ila nadhani haina kitu."

"Basi iweke pale kwenye vitu visivyo na kitu, uje uone chenye kitu. Ni damu ya Khamla."

Thawin aliinamia hadubini. Aliona uwanja wa visahani vyekundu, vimebanana kama watu kwenye sherehe ya hekalu.

"Hao wekundu waache," alisema Orathai. "Ni wapagazi. Wanabeba hewa, hawana habari nyingine. Tafuta weupe, waliotiwa rangi ya zambarau. Umemwona mwenye kiini kilichokatikakatika? Huyo ni wa bakteria. Jeraha likiingia uchafu, yeye ndiye wa kwanza kufika na wa kwanza kufa. Usaha unaouona ni maiti zake. Sogeza. Yule mdogo wa duara ni karani. Adui akipita mara moja, huyo humkumbuka kwa miaka."

"Na huyu?"

Katikati ya kioo palikuwa na seli iliyojaa chembechembe nyekundu kama makaa, na ndani ya wekundu ule viini viwili vya duara vilivyounganishwa kwa uzi mwembamba. Ilikuwa kama uso usio na kinywa. Thawin alisogeza kioo. Akakutana na mwingine. Akasogeza tena. Kila alipokwenda, macho mawili yalimngoja.

"Ananitazama."

"Kila mtu husema hivyo. Wahudumu wa usiku hawapendi kuniletea vioo hivi." Orathai hakucheka. "Huyo ni wa minyoo. Bakteria ni mdogo, askari mmoja anammeza akamaliza. Mnyoo hamezeki. Basi hawa humzunguka kwa mamia na kummwagia sumu yao."

"Kwa hiyo sumu ipo."

"Ipo. Ila imetoka ndani ya mwenye mwili. Na ikimwagwa mahali pabaya, humchoma mwenye nyumba pamoja na mgeni."

Thawin alifungua daftari. "Ni wengi kiasi gani?"

"Katika seli nyeupe mia za mtu mwenye afya, utawapata wawili au watatu. Khamla anao thelathini na wanane."

"Basi kesi imekwisha. Ni mnyoo."

"Usikimbie. Nipe kidole."

Alimchoma kabla hajakubali, akapaka tone juu ya kioo, akalikausha, akalitia rangi, akaosha. Ilichukua dakika ishirini, na muda huo wote hakusema neno. Kisha akahesabu, kidole gumba kikibonyeza kihesabio chake cha chuma.

"Kumi na mmoja. Samaki mbichi ulikula lini mara ya mwisho?"

Thawin alikohoa. "Jumamosi. Kwa mke wa sajini."

"Wanakusalimu. Hapa Kalasin, kaka, nikimfunga kila mwenye macho mekundu damuni, gereza litajaa mpaka watawa. Damu peke yake haitoshi kuwa shahidi. Njoo uone shahidi wa pili."

Akaleta kichupa kidogo. Asubuhi ile daktari alikuwa ametoa maji katika uti wa mgongo wa Khamla ili kumpunguzia maumivu. Maji yale yanatakiwa kuwa maangavu kama maji ya mvua mtungini. Haya yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele.

"Humu," alisema Orathai, "hawaruhusiwi kuingia. Huu ni uwanja wa ubongo, una ukuta wake. Nimewakuta humu, zaidi ya nusu ya seli zote. Hawaji bure. Wamemfuata mtu."

"Nani?"

"Mnyoo wa panya. Hukaa kwa panya, watoto wake hukua ndani ya konokono. Mtu akimla konokono mbichi, mnyoo anaingia mahali asipopajua. Anamtafuta panya. Anapanda mpaka kichwani, hakuna panya, na njia ya kurudi hana. Anazunguka humo mpaka afe. Kichwa huanza kuuma baada ya wiki mbili hivi, na ngozi ya mgonjwa haitaki kuguswa."

Thawin alirudi nyuma katika kurasa zake. Wiki mbili kabla ya tarehe kumi na nane ni mwanzo wa Agosti: siku ya mvua kubwa ya mchana. Akasoma tena maneno ya marehemu. *Warudishie nyumba zao. Wanatembea uchi.* Konokono aliyeng'olewa gambani.

"Nyuma ya hekalu la Ban Kut Sim kuna nini?" aliuliza, ingawa alikwisha kulijibu swali lake.

"Bwawa. Watu huachilia konokono humo ili wapate thawabu. Mama yangu mwenyewe aliachilia beseni zima alipopona moyo." Orathai aliacha kufuta kioo. "Hapana. Hakuna mtu wa kula hao."

Khamla alikuwa wodini, kitambaa cha maji kikiwa machoni. Thawin aliketi kando ya kitanda.

"Kaka Khamla, daktari amekwisha kujua mlikula nini. Anataka kujua mlikuwa wangapi."

"Wawili."

"Bibi Pheng ameona watatu."

Machozi yalitoka chini ya kitambaa. "Muulize Sawat," alisema Khamla, akageukia ukutani, kiwiliwili kizima kwa pamoja.

Thawin aliutazama mgeuko ule. Kisha akatoka kwa hatua za haraka kumtafuta Orathai.

"Ile hadubini ndogo ya watu wa malaria, yenye kioo cha kuvutia jua, bado inafanya kazi?"

"Jua likiwapo."

"Chukua na sindano za kutosha. Kuna mtu wa tatu, na naye anaye mgeni huyo kichwani."

*

Saa tisa alasiri wanaume kumi na wawili waliokuwa kijijini walipanga mstari uwanjani kwa Mzee Thongdam. Waliambiwa ukweli: kwamba ugonjwa wa Khamla unaonekana katika damu, na kwamba kila mmoja atachomwa kidole. Halafu mwanamume mnene akapiga yowe dogo kabla sindano haijamgusa, na vicheko vikaanza.

"Umezaa watoto saba, unaogopa mwiba?"

"Amezaa mkewe. Yeye alikuwa akizimia nje."

Bunloet alisimama wa mwisho. Harufu ya dawa ya kuchua ilimtangulia.

"Mimi nina nyati wangu mtoni, afande."

"Nyati wanajua kuogelea."

"Mimi sina ugonjwa."

"Basi kidole chako kitakusemea," alisema Orathai, akamshika mkono.

Jua lilitoka baina ya mawingu mawili, nalo lilitosha. Orathai aliketi chini ya ghala akageuza kioo chake kulitafuta, na kile kihesabio kikaanza kulia. Sita. Tisa. Kumi na watatu. Wanne. Wanaume walichuchumaa mbali kidogo, hakuna tena aliyecheka. Waliisikia sauti ile ya chuma kama watu wanaosikiliza mlango ukigongwa katika nyumba ya jirani. Kwa damu ya mtu wa kumi na mbili, kihesabio kililia kwa muda mrefu. Orathai alimwandikia Thawin tarakimu kwenye kiganja chake mwenyewe: 34.

Thawin alimwita Bunloet nyuma ya ghala. Orathai alikuja pia.

"Vua kitambaa kichwani."

Alivua. Vipande vinne vya plasta ya maumivu vilikuwa vimebandikwa kwenye paji la uso na kisogoni.

"Inamisha kidevu, kiguse kifua."

Bunloet alijaribu. Kidevu kilifika nusu ya njia, na uso wake ukabadilika rangi.

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu. Si kali kama ya shemeji. Inakuja na kuondoka."

"Ulikula vipande vingapi?"

"Kula nini?"

"Kijana," alisema Thawin, "mimi sitakuuliza mara mbili. Nina maneno ya marehemu, nina maji ya mgongo wa Khamla, nina mtu aliyeona kapu, na sasa nina damu yako. Kilichobaki ni kwamba useme mwenyewe, maana aliyekuona amekataa kukutaja."

Bunloet aliinua macho. "Bibi hajanitaja?"

"Nilimbembeleza. Alisema una kinywa chako."

Mtu yule aliteremka polepole akiegemea ukuta mpaka akaketi matopeni. Kisha akaanza kusema, akiitazama mikono yake.

"Vitatu. Nilikula vipande vitatu. Shemeji alikula bakuli. Tulikuwa tumeapa mbele ya watawa, miezi mitatu bila pombe. Mwezi mmoja haukuisha. Mvua ilipiga, tukakaa kwenye kibanda cha shambani na chupa ya pombe ya mchele, na pombe bila kitoweo haishuki. Khamla akasema bwawa la hekalu limefurika, wanapanda wenyewe mpaka kwenye majani. Wakubwa kama ngumi. Tukawakatakata na ndimu, pilipili, mchele wa kukaanga, mnanaa. Shemeji alisema ndimu imekwisha kuwapika. Na pombe itamalizia."

"Ndimu haipiki," alisema Orathai. "Inabadilisha rangi tu. Mnyoo anaoga humo."

"Sisi tunasema inapika, dada. Babu zetu wamekula hivyo."

"Najua mnavyosema. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo."

Bunloet alijifuta uso. "Shemeji alipoanza kuwaona darini, nilijua. Ni thawabu za watu, afande. Kila konokono pale ni maombi ya mtu: mama mgonjwa, mtoto aliyekwenda jeshini. Tuliyala. Sasa wanakuja mmoja mmoja. Hata mchana huu nawasikia ndani ya kichwa changu, wanatambaa. Niambie si kweli."

Thawin alimtazama Orathai.

"Kuna kinachotambaa," alisema Orathai. "Si mzimu. Ni mnyoo, mwembamba kama unywele, na damu yako imekwisha kumzingira. Ulikula kidogo, walio kama wewe wengi hupona. Lakini leo hii unakwenda na mimi hospitali."

"Na chupa?" aliuliza Thawin. "Ile ya magugu ni ya nani?"

"Yangu."

"Kuweka ushahidi wa uongo kuna kifungu chake. Nitakiandika, na utakuja kituoni ukipona. Hilo ni langu na lako. Kula konokono wa hekalu hakuna kifungu; hilo ni lako na watawa. Lakini kuna la tatu. Kesho alfajiri watu hawa wataivunja nyumba ya mwanamke asiye na kosa, kwa sababu alikuona na wewe ukaogopa mdomo wake. Mimi naweza kuweka askari wawili chini ya ngazi yake. Wataondoka Jumatano. Siwezi kuweka askari ndani ya vichwa vya watu."

"Ukiwaambia wewe hawataamini?"

"Mimi ni mgeni mwenye bunduki. Wewe ndiye uliyewaambia."

Bunloet alishika ukuta akasimama. Maumivu yalimyumbisha, na Orathai alimpa bega. Hakwenda upande wa pikipiki. Alipanda ngazi ya Mzee Thongdam, akampita mwenyewe mlangoni bila kuomba radhi, akaketi mbele ya kipaza sauti ambacho hutumika kutangaza siku za chanjo na bei ya mbolea. Nje, pembe mbili za chuma juu ya mlingoti wa mianzi zilikoroma.

"Unafanya nini wewe?" alisema Mzee Thongdam.

Sauti ya Bunloet ilitoka juu ya mapaa yote kwa pamoja.

"Wazazi wangu, kaka zangu, dada zangu. Mimi ni Bunloet, mwana wa Mzee Sida. Katika Mfungo huu nilikula kiapo nikakivunja. Mimi, na shemeji yangu Sawat, na Khamla, tulichukua konokono katika bwawa la hekalu tukawala wabichi. Ugonjwa wetu umetokana na hao. Nimepimwa, ninao na mimi. Kichwa kilimuuma shemeji siku tano kabla Bibi Pheng hajaingia nyumbani mwake. Chupa niliyosema nimeiokota kwa Bibi ni yangu, niliiweka mimi. Bibi Pheng hana pepo. Bibi Pheng alituona, akatusitiri. Dada Nuan, nisamehe. Nimemsingizia Bibi Pheng."

Dirisha moja lilifunguka, na la pili. Nuan alitokea kwenye ngazi yake, mkono umeshika uzi mweupe, akasimama hivyo.

Mzee Thongdam alinyoosha mkono kwenye swichi. Uso wake ulikuwa umezeeka. "Basi, mwanangu. Wamesikia. Yatosha."

Bunloet alimzuia mkono.

"Haitoshi, mzee. Mimi nililitaja jina lake kwenye mashine hii mara tatu: siku ya maziko, siku ya tatu, na juzi. Hiyo ilikuwa moja."

Akasogeza kipaza sauti karibu na kinywa, akafumba macho kwa maumivu, akaanza upya tangu mwanzo, kwa jina lake mwenyewe.